Siku ya Tano na Mungu wa Radi

Mswahili aitwaye Hamisi akihamia Uingereza, jina lake huvuka bahari pamoja naye, lakini siku iliyompa jina hilo hubaki nyuma. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mtoto wa kiume aliyezaliwa Alhamisi aliweza kuitwa Hamisi au Khamis, na wa kike Mwanahamisi, pasi na mzazi kuhangaika. Siku yenyewe ilikuwa imekwisha kulitoa jina. Ugenini siku ileile huitwa Thursday. Neno hilo likifumuliwa, maana yake ni siku ya Thor, mungu wa radi wa Waskandinavia wa kale, ambaye hakuna Hamisi aliyepata kumtolea sadaka. Hata hivyo jina la mungu huyo huandikwa na Waswahili kila wiki katika barua za kazi, miadi ya daktari, ratiba za shule na mialiko ya arusi.

Wapo ambao habari hii huwatia wasiwasi. Mzazi aliyemlea mwanawe katika tauhidi, au katika Ukristo wa kanisa la bara, huona vigumu kukubali kwamba kalenda iliyobandikwa jikoni ina majina ya miungu. Wapo pia, upande wa pili kabisa, wanaoifurahia asili hiyo kupita kiasi: watu wa Ulaya na Marekani wanaodai kwamba Thor ni wao kwa damu, na kwamba jina lake ni mpaka kati ya wenyeji na wageni. Makundi haya mawili hayapendani, lakini yana imani moja ya pamoja. Yote mawili huamini kwamba asili ya neno ndiyo hukumu ya neno. Historia ya jina la Thor inatosha kulipima dai hilo.

Jina lenyewe ni la kale kuliko vitabu vyote vinavyolitaja. Wanaisimu, kwa kulinganisha lugha zilizotokana na mzazi mmoja, wamelirejesha kwenye umbo linalokaribia Thunraz, na maana yake ilikuwa ngurumo. Waingereza wa kale walisema Thunor, Wajerumani wa kale wakasema Donar, na watu wa Norway na Iceland wakasema Thórr. Neno la Kiingereza la ngurumo, «thunder», ni ndugu wa tumbo moja na jina hilo. Mungu huyu, basi, aliitwa kwa kazi yake. Sauti ya kwanza ya jina lake, ile ya «thamani» na «thelathini», imepotea katika vinywa vya Wanorwe, Waswidi na Wadenmaki wa leo, ambao husema Tor. Mswahili huitamka bila kufundishwa.

Katika ngano za Kaskazini, Odin alikuwa mungu wa wafalme, wa vita na wa ushairi. Thor alikuwa wa wakulima na mabaharia. Alipanda gari lililovutwa na mbuzi wawili, akashika nyundo iitwayo Mjölnir, na kazi yake ilikuwa kuilinda dunia ya miungu na wanadamu dhidi ya majitu. Kwa mkulima wa Norway wa karne ya 9, ngurumo ilikuwa mlio wa gari hilo likipita mawinguni. Mwislamu wa pwani ana sura nzima ya Qur'ani, ya 13, iitwayo kwa jina la radi, na humo radi humtukuza Mola wake. Sauti iliyosikika angani ni ileile. Kilichotofautiana ni nani aliyedhaniwa kuwa bwana na nani mtumwa.

Safari ya Thor kuingia katika wiki haikuanzia Kaskazini. Ilianzia katika elimu ya nyota ya ulimwengu wa Bahari ya Mediterania, iliyozigawa siku saba kwa sayari saba, jua na mwezi vikihesabiwa miongoni mwake. Siku ambayo sisi huiita Alhamisi ilikuwa ya sayari kubwa, ambayo Warumi waliipa jina la Jupiter, mungu wao mwenye kurusha radi. Wafaransa hadi leo husema «jeudi» na Wahispania «jueves», na ndani ya maneno hayo Jupiter bado yumo. Makabila ya Kijerumani yalipoipokea wiki ya Kirumi yaliyatafsiri majina kwa kuyatafutia mfano wa nyumbani. Mwenye radi kwao alikuwa Donar au Thunor. Basi siku ya Jupiter ikawa siku yake. Wajerumani husema «Donnerstag», siku ya ngurumo, na Waskandinavia husema «torsdag».

Elimu hiyohiyo ya nyota ilikwenda pia mashariki na kusini. Waarabu waliirithi kutoka kwa Wayunani, wakaiandika upya katika vitabu vya falaki, na vitabu hivyo vikafika katika miji ya Waswahili. Mtazama nyota wa pwani akiulizwa Alhamisi ni ya nyota gani, atajibu kuwa ni ya Mushtari, na Mushtari ndiye Jupiter. Kwa hiyo Alhamisi ya mtaalamu wa falaki wa Lamu na Thursday ya karani wa London ni ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Tofauti ni kwamba Kiarabu, na Kiswahili baada yake, viliiacha sayari ibaki kitabuni, na siku ikapewa namba tu: Alhamisi ni ya tano, ukianza kuhesabu Jumapili. Kiswahili kikaongeza hesabu yake chenyewe inayoanza Jumamosi, na hivyo kikawa na tano mbili zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi, ya kwanza kwa lugha ya kienyeji na ya pili kwa lugha ya kuazima. Hakuna anayechanganyikiwa. Watu hawazihesabu siku wanapozitaja, wanazijua.

Ukitaka kuona jina na imani vikiachana, mahali pa kutazama ni Iceland. Mnamo mwaka 1000 hivi, kisiwa hicho kilikuwa karibu kugawanyika kati ya waliobatizwa na walioshikilia miungu ya zamani. Uamuzi uliachwa mikononi mwa msema-sheria wa baraza lao, Althing. Ari Thorgilsson, mwanahistoria wa karne ya 12, anasimulia kwamba mtu huyo alijifunika joho lake akalala kimya mchana ule na usiku wake, kisha akainuka na kutangaza kwamba watu wote watakuwa na sheria moja na watabatizwa. Alikuwa mpagani mwenyewe, na jina lake lilikuwa Thorgeir mwana wa Thorkel. Jina la mungu aliyekuwa akimwondolea ibada lilikuwa ndani ya jina lake na ndani ya jina la baba yake. Mwanahistoria aliyetuhifadhia habari hiyo, ambaye alikuwa kasisi, naye alikuwa mwana wa Thorgils.

Majina hayo hayakubadilishwa. Mtakatifu mlinzi wa Iceland ni Askofu Thorlák wa Skálholt, aliyefariki tarehe 23 Desemba 1193. Baba yake aliitwa Thórhall, kwa hiyo mtakatifu huyu amembeba Thor mara mbili, kwa jina lake na kwa ubini wake. Mwaka 1984 Papa Yohane Paulo II alimthibitisha rasmi kuwa mlinzi wa nchi hiyo, na sikukuu yake bado huadhimishwa mkesha wa kuamkia mkesha wa Krismasi. Watu wa Iceland hula samaki aliyevundikwa wakimkumbuka askofu, na hapana anayedhani kuwa anamla kwa heshima ya mungu wa radi.

Lakini kisiwa hichohicho kilifanya pia kinyume chake. Inasimuliwa kwamba Jón Ögmundsson, askofu wa Hólar mwanzoni mwa karne ya 12, alichukizwa na siku zenye majina ya miungu na akaagiza ziitwe kwa namna nyingine. Kama ilikuwa kwa amri yake peke yake au kwa desturi ya kanisa zima, matokeo yake yapo katika kila kalenda ya Iceland. Siku ya Thor huko sasa ni «fimmtudagur», maana yake siku ya tano. Taifa ambalo lugha yake ndiyo iliyomhifadhia Thor ngano zake limemwondoa katika wiki, na kwa kufanya hivyo limefikia jina lenye maana moja na Alhamisi. Waingereza, walioupokea Ukristo karne nyingi kabla ya Iceland, wamebaki naye.

Waingereza nao walikuwa na wapinzani wa jina hilo. Katika karne ya 17 Jumuiya ya Marafiki, wajulikanao kama Quaker, walikataa kuyatamka majina ya miungu, wakasema Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, na kwa Thursday, Siku ya Tano. Wazao wa jumuiya hiyo walifika Pemba mwaka 1897 na kuanzisha misheni huko Banani kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Walikuwa wamekuja katika kisiwa ambacho siku zake tayari zilitajwa kwa namba. Jambo ambalo wazee wao walipaswa kulipigania nyumbani, huko Pemba lilikuwa lugha ya kila mtoto.

Mifano hii miwili, ya askofu aliyeliondoa jina na ya watu waliolibakiza, inafaa kutazamwa pamoja. Ukristo wa Iceland haukuwa imara zaidi ya ule wa Uingereza kwa sababu ya kusema siku ya tano, wala Uingereza haikurudi upagani kwa sababu ya kusema siku ya Thor. Katika Denmaki ilipatikana kalibu ya jiwe laini, ya karne ya 10, ambayo fundi aliitumia kusubu misalaba na nyundo za Thor kwa pamoja. Fundi huyo alikuwa mfanyabiashara: kila mteja alipata alichokitaka, na jiwe lilikuwa moja. Lugha ni kalibu ya namna hiyo.

Katika zama za sayansi jina la Thor lilihamia mahali ambapo hata maaskofu hawakulitarajia. Mwaka 1828 kasisi mmoja wa Norway, Morten Thrane Esmark, aliokota jiwe jeusi zito asilolijua katika kisiwa cha Løvøya. Jiwe hilo lilifika kwa mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, ambaye mwaka uliofuata alitambua ndani yake elementi mpya na kuipa jina la mungu wa kwao: thoriamu, ya 90 katika jedwali la elementi. Miaka sitini na kitu baadaye Carl Auer von Welsbach wa Austria aligundua kwamba kitambaa chepesi cha wavu, kikilowekwa katika chumvi za thoriamu na kuongezwa seriamu kidogo, kikichomwa hugeuka majivu meupe ambayo katika moto hung'aa kama jua dogo.

Mswahili yeyote mwenye umri wa kutosha anaijua nuru hiyo, kwa kuwa ndiyo nuru ya karabai. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 wavu ule mdogo ndani ya taa ya karabai ulikuwa wa thoriamu. Uliangaza maulidi na ngoma za arusi katika mitaa isiyokuwa na umeme, na wavuvi wa Unguja, wa Ziwa Victoria na wa Ziwa Tanganyika waliutumia usiku wa giza kuwavuta dagaa. Aliyekula dagaa hao alikula kilichovuliwa kwa kitu chenye jina la Thor, na wala hakuwa amemtaja. Kuna zaidi. Katika Kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, udongo una thoriamu kwa wingi, na kwa sababu hiyo mionzi ya asili mahali hapo ni mikubwa kuliko kwingineko. Msitu wa kilima hicho una kaya ya Wadigo, mahali patakatifu pa mababu. Chini ya miti inayotunzwa kwa heshima ya wazee wa Kidigo limo jina la mungu wa Norway, lililotiwa na wanakemia. Wazee hawakuliomba na halikuwapunguzia kitu.

Jina hilohilo lilipewa pia kombora. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1963, makombora ya Kimarekani yaitwayo Thor, yenye uwezo wa kubeba silaha za nyuklia, yaliwekwa katika kambi za mashariki mwa Uingereza. Jina lililomulika arusi lilielekezwa pia kwenye kuangamiza miji.

Mwaka 1962, huko New York, Stan Lee, ndugu yake Larry Lieber na mchoraji Jack Kirby walimfanya Thor kuwa shujaa wa vitabu vya katuni. Wote watatu walikuwa wana wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya. Ukweli huu una uzito, kwa kuwa haikuwa imepita hata miaka ishirini tangu Wanazi, waliozikusanya ngano na herufi za kale za Kaskazini kuwa ushahidi wa ubora wa damu yao, wawaue Wayahudi kwa mamilioni. Kirby mwenyewe alipigana nao Ufaransa akiwa askari wa Marekani. Leo watoto wengi duniani wanamjua Thor kupitia kazi ya wana hao wa wahamiaji. Filamu ya kwanza ya mfululizo wake ilipotoka mwaka 2011, Idris Elba, mzaliwa wa London ambaye baba yake ni wa Sierra Leone na mama yake wa Ghana, aliigiza kama Heimdall, mlinzi wa mlango wa miungu. Baadhi ya watu walipiga kelele kwamba mtu mweusi hawezi kuwa mungu wa Kaskazini. Hawakulalamika kwamba gari la mbuzi limetoweka, wala kwamba Thor wa ngano, mwenye ndevu nyekundu, amekuwa kijana wa nywele za dhahabu asiye na tabia zake. Uaminifu wao kwa asili ulianzia na kuishia kwenye rangi ya ngozi.

Kelele hizo zina ndugu zake nje ya sinema. Nyundo ya Thor huvaliwa shingoni na mpenzi wa filamu, na mwanafunzi wa historia, na mfuasi wa dini iliyofufuliwa. Huko Iceland chama cha waumini hao kilianzishwa mwaka 1972 na kutambuliwa na serikali mwaka uliofuata, nacho kimeukataa ubaguzi hadharani. Marekani imeiruhusu nyundo hiyo tangu mwaka 2013 kuchongwa kwenye makaburi ya askari wake. Lakini nyundo hiyohiyo huvaliwa pia na wabaguzi wanaoamini kwamba jirani yao kutoka Mombasa au Bujumbura hana haki ya kuwa jirani. Mswahili anayeishi Minneapolis au Oslo, akiiona nyundo katika shingo ya mtu ndani ya basi, hawezi kuijua nia ya mtu huyo kwa kuisoma etimolojia. Itambidi asubiri mwenye shingo aseme neno au atende jambo.

Hapo ndipo wasiwasi wa mzazi na majivuno ya mbaguzi hukutana, na hapo ndipo yote mawili hushindwa. Mzazi anaogopa kwamba neno limebeba mungu wake. Mbaguzi anatumaini vivyo hivyo. Lakini neno halibebi kitu ambacho msemaji hakukitia. Wafini, ambao lugha yao haina nasaba na za Waskandinavia, walichukua «torstai» kutoka kwa Waskandinavia na wakaiita hivyo Alhamisi yao, bila ya kuwa Waskandinavia. Mti mkubwa wa Donar huko Geismar ulipokatwa na Boniface katika karne ya 8, mbao zake zilijengewa nyumba ya sala ya Kikristo. Hakuna aliyesali humo akidhani anauabudu mti.

Wasemaji wa Kiswahili wana sababu ya kulishika somo hili kwa nguvu kuliko wengine, kwa maana hoja ya asili imetumiwa dhidi yao muda mrefu. Wageni waliihesabu misamiati ya Kiarabu, wakasema lugha si ya Waafrika. Wengine wakatamani kuyafuta maneno hayo ili lugha isafike. Wote waliidhania orodha ya mikopo kuwa hati ya milki. Sarufi ya Kiswahili ni ya Kibantu, na kila neno lililoingia limepewa ngeli yake na kufundishwa kutii. «Shule» ilitoka kwa Wajerumani, na leo yupo mtoto wa Tabora asemaye «shule yetu» pasi na kumwomba mtu ruhusa. Sarafu ya heller ilitumiwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1904. Utawala ule ulianguka, sarafu ikafa, mfalme wake akaenda uhamishoni. «Hela» ikabaki. Anayesema «sina hela» hamwombolezi Kaiser. Analalamika kwa lugha yake mwenyewe juu ya mfuko wake mwenyewe.

Kujua asili ya jina, basi, ni elimu, na ni elimu tamu: humwonyesha mtu njia ndefu ambazo maneno yamepita hadi kumfikia, na humfundisha kwamba hata kalenda ya jikoni ina historia ya safari. Kulimiliki jina ni jambo jingine. Thorgeir alilimiliki jina lake alipoamka chini ya joho na kusema alichoona kuwa ni haki kwa watu wake, na mvuvi wa Kigoma aliimiliki nuru ya karabai alipoishusha juu ya maji na dagaa wakaja. Wote wawili waliazima. Hakuna hata mmoja aliyedaiwa kurudisha.